Kiko Kinalia, Kinanuka, Kimepauka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kung'arisha

Mtu akipata kiko kikuukuu, cha kwanza anachotafuta ni kitambaa na mafuta. Anasugua mpaka mti umetakata, anakirudisha kabatini, na haupiti muda harufu ni ile ile na shilamu imerudi rangi ya matope. Mng'ao ni kazi ya mwisho. Kabla yake kuna kukagua, na hapa Mombasa ukaguzi huishia mara nyingi kwa mtuhumiwa mmoja: unyevu. Moshi ndio unaoleta uchafu, sikatai, lakini hewa yetu nzito ya bahari ndiyo inayougeuza uchafu huo kuwa uvundo.

Tuelewane majina kwanza. Bori ni kile kikombe kinachotiwa tumbaku. Shingo ni sehemu ya mti inayotoka kwenye bori. Shilamu ni mrija unaoingia mdomoni, na ncha yake nyembamba inayochomekwa kwenye shingo nitaiita ulimi, jina ambalo maseremala wanalo tayari.

Viko vingi vinavyozunguka mjini, viwe vya urithi, vya maduka ya vitu vya kale ya Mji wa Kale au vilivyoibuka kwenye mafungu ya mitumba, ni vya mti wa braya. Huo ni kifundo kigumu kinachoota baina ya mzizi na shina la Erica arborea, kichaka cha nchi za Mediterania. Hustahimili moto vizuri sana, maji hakitaki. Shilamu nayo ni moja ya mbili: raba ngumu au plastiki ya akriliki. Utaitambua kwa kuisugua kwa nguvu na kitambaa kikavu kisha kuinusa. Raba hutoa harufu ya mpira na salfa. Akriliki haitoi kitu, na hata ikikaa miaka kabatini haibadiliki rangi. Usiruke jaribio hili, maana dawa ya moja ni sumu ya nyingine, kama utakavyoona.

Vifaa si vingi. Waya laini uliovishwa pamba, ule hasa wa kusafishia viko. Zile za rangi rangi wanazonunuliwa watoto kwa kazi za mikono shuleni hazinyonyi na zinaacha manyoya ndani. Vijiti vya pamba vya masikio. Msasa wa maji wa mafundi rangi wa magari. Nta. Na alkoholi. Kwa nyumba zisizoingiza pombe, alkoholi ya isopropili kutoka famasi inatosha kabisa. Kadiri asilimia yake inavyokaribia 90 na zaidi ndivyo inavyokauka haraka na kuuachia mti maji machache. Ile spiriti ya dukani kwa vifaa vya ujenzi, anayotumia fundi wa samani kuyeyushia rangi, iache huko huko. Ina methanoli, na kitu kinachokwenda mdomoni hakisafishwi na methanoli.

Kinalia maji unapovuta

Kwenye kiko cha maji cha kizamani, malio ndiyo raha yenyewe. Kwenye kiko kikavu, malio ni ugonjwa, na sababu zake ni tatu.

Ya kwanza ni tumbaku mbichi. Pakiti iliyofunguliwa Mombasa inakunywa unyevu wa hewani siku nzima. Finya tumbaku kwa vidole viwili: ikibaki imeshikamana, ina maji mengi. Itandaze juu ya karatasi chini ya feni mpaka ukiifinya inajiachia yenyewe. Sababu ya pili ni haraka ya mvutaji. Anayevuta mfululizo hupasha bori joto, mvuke unakuwa mwingi, nao ukifika kwenye shilamu iliyo baridi unageuka maji. Kwa hilo dawa ni kupunguza mwendo, na kupitisha waya wa pamba katikati ya uvutaji bila kuchomoa shilamu.

Ya tatu iko ndani na haionekani. Ulimi ukiwa mfupi kuliko tundu lake, panabaki nafasi mle shingoni na maji yanatuama hapo. Pima kwa kijiti: kiingize kwenye tundu mpaka kigote, weka alama, kisha kilinganishe na urefu wa ulimi. Tofauti ya milimita moja haina neno. Ikizidi sana, hujakosea kusafisha. Ni kiko kilichoundwa hivyo, na utaishi nacho kwa kukipitishia waya mara kwa mara.

Hewa haipiti

Ni lami ya tumbaku iliyoganda, mara tisa kwa kumi. Waya uliochovywa alkoholi (kwa shilamu ya akriliki, maji ya sabuni), mwingine mkavu, tena wenye alkoholi, mpaka utoke mweupe. Ikigoma, chukua kekee ya milimita 3.5 na uizungushe kwa vidole tu, taratibu, ikiwa imefuata tundu lilivyo. Usiifunge kwenye mashine.

Kwa kiko kilicholala wazi nyumbani kwa muda, usimsahau mdudu. Nyigu wanaojenga kwa udongo hawaachi tundu lolote lenye ukubwa wa penseli, na tundu la shingo ni kama walipimiwa wao. Ukivuta hewa ukasikia imeziba kabisa, si kwamba inapita kwa shida, chungulia kwa tochi kwanza. Udongo haulainiki kwa alkoholi. Chokoa ukiwa mkavu.

Kinanuka, au ladha ni chungu hata kwa tumbaku nzuri

Hapa shilamu inatolewa, na itolewe kiko kikiwa baridi. Safisha shingo kwa vijiti vya pamba vyenye alkoholi. Vya kwanza vitatoka vyeusi, usishtuke. Kisha jaza bori pamba, ziba mdomo wa shingo kwa kijiti cha pamba, na udondoshee alkoholi mpaka pamba iloe bila kufurika. Ifute mara moja ikigusa ukingo au nje ya bori, maana inaondoa rangi ya mti. Kiegemeze kiko kisimame na ukiache usiku mzima. Asubuhi pamba ya juu itakuwa imekauka na ya chini imegeuka rangi ya chai ya mkandaa. Rudia mpaka itoke karibu nyeupe. Baada ya hapo kikae siku mbili tatu mahali penye upepo, kivulini. Usikivute kabla hakijakauka.

Kuna njia ya kizungu ya zamani ya kujaza bori chumvi badala ya pamba, na wapo wanaoiapia. Mimi siitaki kwa viko vya pwani. Chembe za chumvi zinapenya kwenye mti, na chumvi inavuta maji hewani. Angalia chupa ya chumvi mezani kwako mwezi wa Mei, imekuwa donge moja. Jambo hilo hilo likitokea ndani ya shingo, mti unavimba na kupasuka kutokea ndani, ufa ambao hakuna nta itakayouficha. Pamba inafanya kazi ile ile na haiachi deni.

Tuseme pia lililo wazi: kiko kilichosafishwa kinavutika bila uchungu, lakini moshi wa tumbaku unadhuru vile vile, kiko kiwe safi kiwe kichafu.

Ukungu mweupe au wa kijani

Kiko kiliwekwa kikiwa bado na unyevu, kikafungiwa kwenye mfuko wa plastiki au droo, masika yakapita juu yake. Usikivute, wala usikipulize ndani ya nyumba, ule unga ni mbegu za ukungu. Toka nje, vaa barakoa, futa kote kwa alkoholi, hapa hata rangi ya mti ikififia ni bora kuliko ukungu. Ukoko wa ndani ya bori, ile kaboni inayoachwa na moto, wote ukwanguliwe mpaka mti uonekane, kwa sababu ukungu hauishii juu ya ukoko. Halafu kazi ya pamba na alkoholi kama hapo juu.

Ukungu unarudi ikiwa mahali pa kuweka hapakubadilika. Kiko kikae wazi, kimesimama bori chini na shilamu juu, kwenye chumba kinachopitisha hewa, na waya mkavu wa pamba ukiwa ndani ya shilamu. Kama lazima kiingie sandukuni, tia vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele, ambao watu hupenda kuutia kwenye vitu vilivyoloa, unaacha unga na unaita fukusi.

Shilamu imepauka, ina rangi ya matope na ladha ya kiberiti

Hili ndilo lalamiko kubwa la viko vyote vikuukuu vya pwani, na ni ugonjwa wa raba ngumu peke yake. Raba hiyo hupikwa pamoja na salfa nyingi, zaidi ya robo ya uzito wake. Mwanga wa jua, hewa na unyevu vinaifungua salfa hiyo ikatoka juu, na juu panakuwa na ngozi nyembamba ya kahawia au kijani kibichi. Kupaka mafuta kunaificha kwa siku moja, ikikauka unaiona tena. Ngozi hiyo lazima iondoke.

Anza na ndani: waya na alkoholi. Nje, tazama kama kuna nembo iliyochorwa. Ipake mafuta ya mgando na uikwepe. Loweka shilamu kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kwa nusu saa, yasiwe ya moto, kwa kuwa joto linaongeza kupauka. Kisha msasa wa maji. Kama shilamu ni chafu sana anza na nambari 600, la sivyo anza na 1000, halafu 1500, halafu 2000, ukichovya majini kila mara. Uji unaotoka mwanzoni ni wa kahawia na unanuka mayai yaliyooza. Endelea. Uji ukianza kutoka mweusi, umeifikia raba nzima na hapo ndipo pa kuhamia nambari inayofuata. Wanaoshindwa wengi wanaacha wakati uji bado ni kahawia, kwa sababu shilamu ikiwa imeloa inaonekana nyeusi tayari. Ikaushe uitazame juani: ikibaki na kivuli cha kijani, bado.

Sehemu inayokutana na shingo isugue shilamu ikiwa imechomekwa mahali pake, mti ukiwa umefunikwa kwa utepe wa gundi. Ukiisugua peke yake utailainisha ile pembe kali iwe mviringo, na tangu siku hiyo baina ya mti na shilamu patakuwa na mwanya unaoonekana. Ulimi wenyewe usiuguse kabisa kwa msasa.

Maliza kwa dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ile ya jeli, kwenye kitambaa cha pamba, kisha suuza, kausha, paka nta.

Wapo wanaoanza kwa kuloweka kwenye jiki. Inafanya kazi kwa upesi, lakini inaacha uso wenye vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo msasa hauukwepi, umeuahirisha tu. Ukiamua kuitumia, isikutane na alkoholi, ndimu wala siki, kwa sababu zikichanganyika hutoa mivuke ya sumu. Suuza kwa maji mengi kabla ya hatua nyingine yoyote.

Alama za meno kwenye raba zina ujanja wake. Pitisha waya ndani ya mrija, chovya ncha iliyobonyezwa kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa nusu dakika hadi dakika moja, na mbonyeo mwingi utainuka wenyewe, kwani raba hii ina kumbukumbu ya umbo lake. Itatoka imepauka kwa ajili ya lile joto, kwa hiyo fanya hili kabla ya msasa. Akriliki haiinuki. Na akriliki isilowekwe kwenye alkoholi, inapata nyufa nyembamba ndani kwa ndani. Isafishe kwa maji ya sabuni na waya, basi.

Baada ya kazi yote hii, adui ni dirisha. Kiko kilichowekwa barazani kinapopigwa na jua la asubuhi kitapauka tena, na kile kisichofutwa mate baada ya kuvutwa nacho vivyo hivyo.

Shilamu imekwama, au inachomoka yenyewe

Iliyokwama usiishindanie nguvu, shingo itapasuka. Tia kiko kizima kwenye mfuko, kiweke friza dakika ishirini au thelathini. Raba hunywea kwa baridi zaidi kuliko mti. Kitoe, shika shingo (si bori), zungusha shilamu upande mmoja tu, kama saa inavyokwenda, huku ukivuta pole pole. Ikikataa, dondosha alkoholi kidogo kupitia bori ifike kwenye kiungo, subiri, rudia friza. Mara nyingi iliyokwama ni ile iliyochomolewa moto wakati fulani ikarudishwa kwa lazima, lami ikaganda kiunganishini.

Iliyolegea, usikimbilie gundi. Kiko kilichokauka muda mrefu hulegea na kinapovutwa tena hujikaza. Aliyesafiri na kiko Nairobi wakati wa kiangazi anaijua hali hiyo. Kikirudi pwani kinakuwa kama kawaida. Kama bado kinachomoka, sugua nta ya nyuki kidogo kwenye ulimi. Kupasha ulimi joto na kuupanua kwa kitu chenye ncha pana kunawezekana kwa raba, lakini hiyo ni kazi ya mtu mwenye mkono mwepesi.

Ukoko mnene ndani ya bori

Ukoko wa kaboni unalinda mti usiungue, kwa hiyo haufutwi wote isipokuwa kwa ukungu au harufu. Uwe milimita moja, ukizidi moja na nusu ni mwingi: unapanuka kwa moto kwa kasi yake tofauti na mti, na bori linapasuka. Kisu cha jikoni chenye ncha ndicho kinachoharibu viko vingi zaidi ya moto. Kinachimba shimo chini, karibu na tundu la hewa. Zungushia msasa nambari 120 au 180 kwenye kijiti cha mviringo chenye unene wa kufaa, na ukwangue sawasawa pande zote.

Ukiona sehemu moja ya bori kwa nje inakuwa moto usioshikika huku nyingine ni vuguvugu, na mti hapo umeanza kuwa mweusi, moto unatafuna kutokea ndani. Acha kuvuta. Kwangua, tazama, na kama ni kishimo tu unaweza kukijaza mchanganyiko mzito wa majivu ya sigara na maji, ukauache ukauke vizuri. Ikiwa kaa la mti linabomoka kwa kucha, kiko hicho sasa ni cha kuweka rafuni.

Bori halishiki mng'ao

Ukingo mweusi wa juu uondoe kwanza. Dawa yake itawachekesha wengine: mate na kitambaa. Sugua kwa subira, mate yanalainisha lami bila kugusa rangi ya mti. Ikishindikana, kitambaa chenye unyevu kidogo na dawa ya meno. Alkoholi, hapana.

Halafu lile swali la kila mtu: mafuta ya nazi? Yanang'arisha, hilo kweli, kwa siku chache. Lakini yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, maana yake Mombasa hayagandi sehemu kubwa ya mwaka, yanabaki majimaji yakikusanya vumbi. Na yale ya kukamuliwa nyumbani yana maji na machicha ndani, yatachacha. Mafuta ya kula ya aina nyingine ni hivyo hivyo. Rangi ya viatu nayo ina viyeyusho na rangi ambavyo joto la bori litavitoa kwenye vidole vyako na puani.

Kinachodumu ni nta. Nta ya nyuki huyeyuka karibu na nyuzi 63, kwa hiyo kiko kikipata moto inakuwa nata. Nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi na mitende wa kaskazini mashariki mwa Brazili, inavumilia mpaka nyuzi 82 na zaidi, na ndiyo hutumiwa na watengenezaji viko. Ubaya wake ni ugumu: kwa mkono haitandazi. Ukiwa na drili na gurudumu la kitambaa, igusishe nta kwenye gurudumu, kisha kiko, kikiwa kinasogea muda wote. Huna drili, tafuta nta laini ya kopo yenye kanauba ndani, paka nyembamba kabisa, subiri, sugua kwa kipande cha jinzi kikuukuu.

Kama nta haishiki kabisa na uso una malengelenge, bori limepigwa vanishi. Hapo ama uiondoe yote kwa msasa laini au uliache lilivyo. Njia ya katikati haipo.

Pete ya shingoni imeiva nyeusi au kijani

Kijani ni shaba. Ukwaju unaosugulia sinia za shaba nyumbani unafaa hapa pia, ila kwa kijiti cha pamba, mti ukiwa umefunikwa, na ufutwe mara moja. Nyeusi ni fedha, na mara nyingi salfa ya shilamu ya jirani ndiyo iliyoipiga. Magadi ya kupikia na tone la maji, kwa kidole, kidogo kidogo. Ukiona vimuhuri vidogo, vizunguke usivisugue: nanga, kwa mfano, ni alama ya ofisi ya kupima fedha ya Birmingham, Uingereza, wala haihusiani na mabaharia hata kama muuzaji atakuapia hivyo.

Visivyo vya braya

Mirishamu, lile jiwe jeupe jepesi la Eskişehir huko Uturuki, lina ndugu yake hapa kwetu, eneo la Amboseli upande wa Tanzania, ambalo viwanda vya Arusha vililitumia kutengenezea viko. Halihitaji ukoko. Lifute ndani kwa karatasi laini kila baada ya kuvuta, na lisishikwe kwa vidole likiwa moto. Kulilowesha sana kunalilainisha.

Bori la udongo la kiko cha maji linasafishwa kwa moto wenyewe: likauke kabisa siku kadhaa, kisha lizikwe kwenye makaa ya jiko yanayofifia mpaka masizi yaungue. Likiingia na unyevu, litapasuka. Kifuu chenyewe, kile kinachotiwa maji, kimwagwe maji kila mara, kisuuzwe, kikaushwe kikiwa kimeinamishwa. Hakitaki jua kali.

Na ukikipangusa kiko cheusi "cha mpingo" ulichonunua kama zawadi, kitambaa kikatoka cheusi, huo si mpingo. Ni mti mweupe uliopakwa rangi. Kiweke kwenye rafu, usikiwashe.